Mshauri wa waliojeruhiwa moyo hatoki kwenye semina ya siku tatu

Mashariki mwa Kongo, mtu akishapata semina ya siku tatu, cheti na fulana ya mradi, anaitwa mshauri wa kisaikolojia. Wiki inayofuata anakaa mbele ya mama aliyebakwa, au mbele ya mtoto aliyeona nyumba yao ikiungua, na kuanza kusoma maswali yaliyo kwenye fishi. Nia yake ni njema. Lakini anagusa jeraha ambalo hakufundishwa namna ya kulifunga.

Kazi ya kutibu kiwewe ina njia yake, na njia hiyo ni ndefu. Madaktari wa akili wa Marekani waliandika ugonjwa huo rasmi kwenye mwongozo wao mwaka 1980. Mwaka 1992, daktari Judith Herman alieleza hatua tatu za kupona: kwanza mtu awe salama, kisha akumbuke na kuomboleza, mwishoni arudi kati ya watu. Washauri wengi wasiofundishwa vizuri wanaanzia hatua ya pili. Wanamwambia mama asimulie yote siku ya kwanza, ndani ya kibanda cha hema ambapo jirani anasikia kila neno. Usiku mama halali, na wiki ijayo harudi.

Mshauri aliyeiva anaanza na mambo yanayoonekana madogo. Anatafuta mahali pa faragha. Anamwacha mama achague kiti, mlango uwe wazi au umefungwa, na wakati wa kunyamaza. Aliyebakwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake mwenyewe, kwa hiyo matibabu yanaanza kwa kumrudishia uamuzi.

Hatua nyingine ya njia hiyo ni kuelewa fungamano la mtoto na mlezi wake. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Wanasahau kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana hapa jirani, Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akatembelea familia 26 vijijini na kuangalia jinsi watoto wachanga wanavyoishi na mama zao. Aliona kwamba mtoto anayemtegemea mama yake kwa uhakika halii ovyo. Anatambaa kwenda kucheza, kisha anarudi. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Fikra hizo alizifanyia kazi pamoja na John Bowlby, daktari Mwingereza aliyekuwa ameandikia Shirika la Afya Duniani, mwaka 1951, juu ya watoto waliokosa malezi ya mama.

Kwa mshauri wa Goma au Bukavu, elimu hiyo inabadilisha kazi nzima. Mtoto anayekojoa kitandani au anayepiga wenzake haitwi mkaidi; mshauri anauliza kwanza nani anamshika usiku akishtuka. Jibu linaweza kuwa bibi, shangazi au dada mkubwa, na huyo naye lazima asaidiwe, kwa sababu mlezi aliyevunjika hana nguvu ya kumtuliza mtoto. Mshauri mwenyewe pia anakuwa sehemu ya dawa. Mtoto aliyempoteza mama yake kwenye njia ya Sake anahitaji mtu anayesema atarudi Alhamisi, na kweli Alhamisi anarudi.

Hii haimaanishi kwamba kazi iachiwe madaktari peke yao. Hao ni wachache mno. Mwaka 2013, jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanywa na wanawake 405 katika vijiji 15 vya mashariki mwa Kongo. Wasaidizi Wakongomani wasio na digrii ya saikolojia walifundishwa tiba maalum, wakawahudumia wanawake katika vikao 12, vingi vyao vya kikundi, huku wakisimamiwa na wataalamu. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9. Kati ya waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, walikuwa asilimia 42. Msaidizi wa kijiji anaweza kazi hii, mradi afundishwe kweli, asimamiwe, na apewe muda.

Wengine watasema kwenye dharura kidogo ni afadhali kuliko hakuna. Ni kweli kwa kusikiliza, kutuliza na kumpeleka mtu kwenye kituo cha afya. Hayo yanafundishika kwa siku chache, na yaitwe hivyo. Kufungua kidonda cha moyo ni jambo jingine.

Mwaka 2025 ulionyesha udhaifu wa mpango huu wa miradi. Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake; mwezi huohuo Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na Februari ikafuata Bukavu. Miradi ikafungwa na washauri wakatawanyika, wengine wao wakiwa wakimbizi kama watu waliokuwa wakiwahudumia. Kwa mtu ambaye jeraha lake ni kuachwa, mshauri anayetoweka bila kuaga ni jeraha la pili.

Msingi upo. Bukavu ina Panzi na SOSAME, Goma ina Tulizo Letu. Washauri wapate mafunzo kwenye vituo kama hivyo, kisha wawekwe kwenye maeneo ya afya, walipwe kama wauguzi wanavyopaswa kulipwa, na kila mwezi wakutane na msimamizi anayewasikiliza wao pia. Mashirika yaandike kwenye mkataba jinsi wagonjwa watakavyoagwa na kukabidhiwa kwa mtu mwingine pesa zikiisha.

Na kila anayekuja na mradi wa miezi sita aulizwe swali moja kabla ya kusaini: mwezi wa saba, nani atakaa kwenye kiti cha mshauri?