Hesabuni Siku za Kulala, Msihesabu Miji

Ndugu wasomaji, baadhi ya familia zetu zimejaaliwa uwezo wa kusafiri pamoja, na miongoni mwao wapo wanaotuomba ushauri wa kupanga likizo ya Ulaya. Ratiba tunazoonyeshwa hufanana mno: siku kumi, miji saba. Paris, Brussels, Amsterdam, Köln, Zürich, Milano, kisha Roma. Aliyeiandika huona amepata faida, kwani nauli ya ndege ni ileile na miji ni mingi. Sisi tunaona kinyume chake. Juma hili tungependa kueleza sababu, kisha tuweke mbele yenu ratiba moja iliyopimwa.

Tuanze na hesabu. Siku ya kuhama mji si siku ya matembezi. Asubuhi hufungwa mizigo, watoto huogeshwa, na chumba hukabidhiwa kabla ya adhuhuri. Hufuata mwendo wa kwenda stesheni, kisha treni yenyewe, kisha kuitafuta hoteli mpya, ambayo kwa kawaida haitoi chumba kabla ya saa nane au saa tisa mchana. Kwa uchache, kila uhamaji hula nusu ya siku. Miji saba ina uhamaji sita, na hizo ni siku tatu nzima. Ondoeni siku ya kufika na siku ya kuondoka, zinabaki siku tano za kuitazama miji saba. Hapo ndipo bibi aliyechukuliwa ili afurahi huishia kwenye benchi la stesheni akilinda masanduku, watoto wakilia usingizi, na wazazi wakilaumiana kwa sauti ya chini. Akiba ya miaka mingi inakuwa imenunua uchovu. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni tatu. Kwanza, hesabuni siku za kulala, msihesabu miji: mji mkubwa mlale siku tatu, mdogo siku mbili. Pili, miji iwe katika mstari mmoja, muingie upande huu na kutokea upande ule, msirudi mlikoanzia kwa ajili ya ndege tu. Tatu, kila siku iwe na jambo kubwa moja la asubuhi na jambo jepesi moja la jioni, na katikati pawe na mapumziko.

Tuchukue mfano wa Hispania, nchi ambayo familia nyingi za Kiislamu hutamani kuiona kwa sababu ya historia ya Andalusia. Fikeni Madrid mlale siku tatu. Nendeni Córdoba mlale siku mbili. Sevilla siku tatu. Granada siku tatu. Kisha mwondokee uwanja wa ndege wa Málaga. Jumla ni siku kumi na mbili na miji minne. Treni ya kasi kutoka Madrid hadi Córdoba huchukua chini ya saa mbili, na kutoka Córdoba hadi Sevilla haifiki saa moja. Sevilla hadi Granada ni mwendo wa saa tatu hivi, na Granada hadi Málaga ni saa mbili hivi kwa basi. Hakuna uhamaji unaomaliza siku nzima.

Madrid iwe mji wa kupumua. Mji huu asili yake ni ngome iliyojengwa katika karne ya 9 kwa amri ya Amiri Muhammad I wa Córdoba, ukiitwa Mayrit. Watoto wapenda soka waoneshwe uwanja wa Santiago Bernabéu. Wazee waketi kwenye bustani ya Retiro. Jumba la makumbusho la Prado huruhusu watu kuingia bure saa mbili za mwisho za siku. Hiyo ni ziara ya kumtosha mtoto kabla hajachoka.

Córdoba ni mji mdogo, na siku mbili zinautosha. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa katika miaka ya 780 zama za Abdurrahman I, na ndani yake mna nguzo zaidi ya 800. Waelezeni watoto mapema kwamba tangu mwaka 1236 jengo hilo ni kanisa, na kwamba Waislamu hawaruhusiwi kuswali ndani. Tunalisema hili ili pasitokee mvutano na walinzi mbele ya watoto. Ingieni, tazameni, ongeeni nao juu ya waliojenga, kisha swalini mlikofikia.

Sevilla mna mnara wa Giralda, uliokamilika mwaka 1198 ukiwa mnara wa msikiti. Humo hupandwa kwa njia za mteremko karibu hadi juu, si kwa ngazi, hivyo mzee mwenye nguvu kiasi anaweza kujaribu polepole. Siku moja kati ya zile tatu za Sevilla tunashauri isipangiwe kitu. Hiyo ndiyo siku ya kufua nguo na kulala mchana, na ikiwa mtu ameumwa, ndiyo siku ya kupona bila kuharibu ratiba ya wenzake.

Granada iwe ya mwisho, lakini iwe ya kwanza katika kupanga. Tiketi za Alhambra ni za idadi maalumu, huandikwa majina, na ile ya majumba ya wafalme wa Banu Nasr huwa na saa yake, aliyechelewa haingii. Jambo lisilosogezeka ndilo hupangwa kwanza, na mengine yote hulizunguka. Chagueni tarehe ya Alhambra, kisha hesabuni kurudi nyuma hadi siku ya kutua Madrid. Mkiwa huko chukueni pasipoti zenu, na mpande mlima kwa mabasi madogo ya mji badala ya miguu, kwani ndani kwenyewe kuna mwendo wa kutosha. Jioni pandeni mtaa wa Albaicín, ambako mwaka 2003 ulifunguliwa msikiti unaotazamana na Alhambra.

Sasa msimu. Julai na Agosti joto la Córdoba na Sevilla huvuka nyuzi 40, na mwezi wa Juni jua huzama karibu na saa nne usiku, hivyo Isha humkuta mtoto amelala zamani. Familia zinazofuata likizo ya shule ya Desemba zina nafuu zaidi: hewa ni baridi, Magharibi huingia karibu na saa kumi na mbili jioni kama kwetu, na kutoka Granada huonekana theluji ya milima ya Sierra Nevada. Tarehe 6 na 8 Desemba ni sikukuu za Hispania na watu husafiri kwa wingi. Tarehe 25 Desemba na Mosi Januari Alhambra na Prado hufungwa. Basi fikeni tarehe 10 na mwondoke tarehe 21, mbali na msongamano na milango iliyofungwa. Chukueni makoti na miavuli.

Chakula kinahitaji uangalifu. Nguruwe ameingia hata katika vyakula visivyodhaniwa. Supu baridi ya nyanya ya Córdoba iitwayo salmorejo hunyunyiziwa vipande vyake, na vileja vya Desemba viitwavyo mantecados kwa desturi hukandwa kwa mafuta yake. Jifunzeni maneno manne: cerdo, jamón, manteca na vino, yaani nguruwe, paja lake lililokaushwa, mafuta yake na mvinyo. Nyumba ya kupanga yenye jiko ni bora kuliko hoteli, maana samaki na mboga za sokoni huwatosha. Tena wenyeji hula chakula cha mchana kuanzia saa nane na cha usiku saa tatu, na katikati majiko mengi hufungwa. Mwenye watoto wadogo asiitegemee mikahawa.

Kuhusu swala, mpangilio huu una nafuu yake. Kwa madhehebu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hana tena ruhusa ya msafiri. Ratiba yetu haifikii kikomo hicho katika mji wowote, hivyo kupunguza na kukusanya swala kunabaki.

Viza ya Schengen huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ni ile mtakayoingia kwanza. Aongezaye Ureno au Ufaransa kwenye safari hii azipime siku zake kabla ya kujaza fomu. Maombi hupokewa miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wa chini ya hapo hawalipi. Bima iwe na kinga ya euro 30,000 kwa uchache. Ada hairudishwi mkinyimwa, kwa hiyo wekeni kwanza malazi yanayoweza kufutwa bila gharama, pelekeni maombi mapema, na yale yasiyorudishwa mlipie viza ikishatoka.

Mwisho ni mashauriano. Kabla ya kulipa chochote, baba na mama wakae na watoto na wazee, kila mmoja ataje jambo moja analolitaka kuliko yote. Yaandikwe, yapewe siku zake, ndipo yafuate mengine. Bibi akitaka kuketi bustanini, hiyo ni haki yake sawa na kijana anayetaka uwanja wa mpira. Likizo isikopewe. Kama akiba inatosha miji miwili, mlale Córdoba na Granada peke yake na mrudi nyumbani bila deni. Na kama mwaka huu haitoshi hata hiyo, ratiba iwekwe kabatini. Miji hiyo ina zaidi ya miaka elfu moja, itawasubiri.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari njema na marejeo ya salama. Wabillahi tawfiq.