Kozi za mtandaoni zipimwe kwa kazi, si kwa vyeti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu kozi za mtandaoni, ambazo tangu shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 zimeenea katika kila fani, kuanzia uhasibu mpaka ufugaji wa kuku.

Sizipingi kozi hizi. Kwa mfanyakazi asiyeweza kuacha kazi, na kwa mama mwenye watoto wadogo, huo ndio mlango pekee wa elimu uliobaki wazi. Ninachopinga ni jinsi tunavyozipima. Mwenye kozi akitaka kujisifu hutaja idadi ya watu waliojiandikisha. Mwajiri naye huhesabu vyeti vilivyomo ndani ya faili. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: je, huyu aliyehitimu anaweza kufanya nini leo ambacho jana hakukiweza?

Idadi ya waliojiandikisha haitoshi kuwa kipimo. Mwaka 2012 vyuo vikuu vya Harvard na MIT vya Marekani vilianzisha edX ili kufundisha ulimwengu mzima kwa njia ya mtandao. Mwaka 2019 watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walichapisha hesabu za kozi hizo katika jarida la Science. Katika mwaka wa masomo wa 2017-18, kati ya kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa kama watatu tu. Ikiwa vyuo vyenye fedha na mitambo kiasi hicho vilipata matokeo hayo, sisi tusibabaishwe na tangazo linalojivunia maelfu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mzuri. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, wakashiriki watu wapatao milioni mbili. Mwalimu wa redio, kama wa mtandao, hamwoni mwanafunzi wake. Ndiyo maana waliopanga kampeni ile hawakuiachia redio kazi yote. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi aliyefundishwa, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Na ilipofika tathmini, watathmini walikwenda katika baadhi ya vijiji kutazama hali ya nyumba kabla na baada ya kampeni. Choo ama kipo, ama hakipo.

Fundisho lake ni kwamba kozi hupangwa kuanzia mwisho. Tuchukue kozi ya watunza hazina wa SACCOS. Kama lengo ni kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, basi zoezi liwe hilohilo: mwanafunzi apewe daftari lenye makosa na taarifa ya benki ya mwezi mmoja, atafute tofauti, na mkufunzi amrudishie kazi ikiwa imesahihishwa. Lengo, somo, zoezi na mtihani vielekee upande mmoja. Huko Marekani mpango uitwao Quality Matters, ulioanzia Maryland mwaka 2003, hutumia walimu waliopata mafunzo ya ukaguzi kuangalia uwiano huo katika kozi za wenzao.

Mimi mwenyewe nimelipia na kumaliza kozi ya namna hiyo. Masomo yalikuwa video za saa nzima zilizomaliza bando. Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu, na ukikosa unarudia mpaka upate. Swali nililomwandikia mkufunzi wiki ya pili halikujibiwa hadi cheti kilipotoka. Mwishoni nililetewa dodoso la kuuliza kama nimefurahia.

Kufurahia ni ngazi ya kwanza tu. Tangu mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza kwamba mafunzo yana ngazi nne za kupimwa: mwanafunzi ameridhika, amejifunza, amebadili utendaji wake kazini, na kazi yenyewe imeleta matokeo. Kozi inayoishia katika ngazi ya kwanza haijapimwa.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Kwanza, kila mwenye kozi atangaze wangapi walianza na wangapi walimaliza. Pili, mtihani uwe kipande cha kazi halisi, usahihishwe na mtu anayeijua kazi hiyo, na maswali ya wanafunzi yajibiwe katika siku zilizotajwa. Tatu, kabla ya kuuzwa, kozi ijaribiwe na wanafunzi wachache wenye simu za kawaida mahali ambapo mtandao ni dhaifu, na kila video iwe na maandishi yake. Nne, baada ya miezi mitatu mwajiri aulizwe nini kimebadilika. Ofisi za umma zisilipie kozi isiyotimiza masharti haya.

Wapo watakaosema masharti haya yatapandisha ada. Ni kweli, kusahihisha kazi ya mtu mmoja mmoja ni gharama kuliko kuiachia mashine. Lakini mtunza hazina mwenye cheti asiyejua kulinganisha hesabu atakabidhiwa akiba za wakulima na wafanyakazi. Siku hesabu zitakapokataa, hasara hiyo hatailipa mwenye kozi, watailipa wanachama.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanachama wa SACCOS,
Morogoro.