Si Upo Nyumbani?

Safu ya mwezi huu nimeiandika nikiwa nimevaa masweta mawili na soksi, saa sita ya mchana. Msicheke. Huu ni mwezi wa Julai na mimi ni mkazi wa Lushoto.

Wengi mmeniuliza inawezekanaje mtu kuhariri jarida akiwa milimani. Ni hivi: mwaka 2022 mume wangu alipata kazi ya kufundisha katika chuo kimoja huku. Ofisi yangu ikakubali nifanyie kazi nyumbani, niwe nashuka Dar mara moja kwa mwezi. Jamani, niliona nimeokota embe dodo chini ya mnazi!

Kufika huku unaiacha barabara kuu pale Mombo, unapanda kona baada ya kona kupitia Soni, zaidi ya kilomita 30, mpaka masikio yanaziba. Ukifika uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na walipapenda kwa sababu ya baridi. Wao walikimbia joto, mimi nilikimbia foleni.

Na foleni kweli hakuna. Kabichi na karoti nanunua zikiwa bado na udongo, kabla malori hayajazipeleka Dar. Wanachuo wakiwepo, vibanda vya chipsi havilali. Chuo kikifungwa, mji unanyamaza kabisa, unasikia mvua ikija kutoka ng'ambo ya bonde.

Tatizo langu lilikuwa sentensi moja tu: "Si upo nyumbani?"

Fundi bomba anakuja, nani ampokee? Si upo nyumbani. Jirani ana kuku wa kuangaliwa. Wifi anamleta mtoto ashinde kwangu. Si upo nyumbani! Nikawa nafanya kazi usiku, macho mekundu, na asubuhi mume wangu ananiuliza kwa upole kabisa mbona siku hizi nachelewa kuamka.

Siku moja tulikuwa tunafunga kurasa za jarida. Umeme ukakatika saa nne asubuhi. Chaji ya kompyuta inaelekea kuisha, mtandao wa simu unashika dirishani tu, nami nimesimama pale kama mlinzi. Simu ikaita. Mume wangu. "Mke wangu, nakuja na walimu wenzangu wanne, tutakula hapo. Si upo nyumbani?"

Nilipika. Wageni wakasifu mboga. Kurasa zangu zikafika Dar zimechelewa, na aliyesemwa na bosi ni binti wa usanifu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Usiku ule nililipuka. Nikamkumbusha kwamba kodi ya miezi sita ya nyumba ile niliilipa mimi, kwa kazi hiyo hiyo asiyoiona. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Najua. Lakini sijawahi kukuona ukienda kazini." Halafu akaongeza kitu kilichonichoma: mama jirani alipofiwa, mimi nilituma rambirambi kwa simu, sikukanyaga msibani. Mlango wa pili tu! "Watu wanasema upo, lakini haupo."

Nilitaka kubisha, nikakosa neno. Kazi yangu niliificha ndani ya chumba, na mimi mwenyewe nikajificha nayo. Mji mdogo hauna siri, wasomaji wangu. Ofisini ukikosekana kuna anayejua uko wapi. Huku usipoonekana sokoni wala msibani, watu wanajijazia majibu wenyewe.

Tukakaa chini tukapanga. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni niko kazini: navaa nguo za kutokea, naaga, naingia chumba cha nyuma, nafunga mlango. Mgeni anatolewa taarifa jana yake. Asiyetolewa taarifa atakula chipsi mayai za wanachuo, na hakuna atakayekufa. Saa kumi nazima kompyuta natoka nje, hata kama sina cha kununua. Pakiwa na msiba, kazi inasubiri. Naiambia ofisi mapema kama ningeumwa. Na kwa mama jirani nilikwenda, nimechelewa miezi miwili. Alinimenyea viazi, hakunisema hata neno. Nilijisikia mdogo kuliko kama angenisema.

Kuaga ni kama mchezo, najua. Natembea hatua kumi! Lakini siku ya kwanza mume wangu alicheka, ya pili akaitikia, na wiki iliyofuata nilimsikia kwenye simu akimwambia wifi, "Hapana, wifi yako yuko kazini." Mimi nyuma ya mlango machozi yakanitoka.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekwisha. Jumatatu iliyopita alianza, "Si upo..." akaimeza. Imekuwa ikimezwa hivyo hivyo, na mimi naijifanya sijaisikia.

Wewe unayefanyia kazi nyumbani, mwenzio anajua unafanya nini humo ndani? Umemwambia, au unasubiri aote? Mwambie leo. Halafu saa kumi ikifika, toka nje usalimie watu.

Tukutane mwezi ujao. Nakwenda sokoni.