Pesa za kijana wa milimani zisiishie kwenye shokapu ya nyuma

Katika maduka mengi ya baiskeli ya miji yetu, inayovuta macho ya vijana ni ile yenye shokapu mbili, moja kwenye foku na nyingine chini ya kiti. Ina rangi kali, inafanana na pikipiki ya mashindano, na bei yake haitishi. Hata hivyo, kwa kijana wa Lushoto, Iten au Musanze anayetaka kupanda milima kwelikweli, hiyo ndiyo baiskeli ya kuepuka. Inayomfaa ina shokapu ya mbele pekee, ni nyepesi, na ikiwezekana imeunganishwa kifaa kwa kifaa na fundi ambaye kesho atapatikana.

Tuanze na mzani. Baiskeli ya bei nafuu yenye shokapu mbili mara nyingi hufika kilo 16 au kuzidi, kwa kuwa fremu yake ni ya chuma kizito na springi yake ni ya koili. Yenye shokapu ya mbele pekee, iliyojengwa kwa makini juu ya fremu ya aluminiamu, inaweza kushuka hadi kilo 10 au 11. Chukua mwendeshaji wa kilo 70. Kwenye mpando mkali mwendo ni mdogo na upepo haumsumbui. Karibu nguvu zote za miguu huenda kunyanyua uzito. Jumla ya kilo 86 ikipungua kuwa 80, mpando wa saa nzima unakuwa mfupi kwa dakika 4 hivi, kwa miguu ileile na mapafu yaleyale. Katika mashindano, dakika 4 ni kuachwa kabisa na kundi la mbele. Na hesabu hiyo haijagusa springi yenyewe: kila pedeli inapokandamizwa, springi ya bei rahisi inabonyea, na sehemu ya nguvu iliyokusudiwa kuzungusha gurudumu inapotelea humo.

Watu waliobuni baiskeli za milimani hawakuanza na shokapu yoyote. Katika vilima vya Marin, kaskazini mwa San Francisco, vijana walikuwa wakiteremka njia za vumbi kwa baiskeli nzito za zamani. Mashindano yao ya Repack yalianza 1976. Mwaka uliofuata Joe Breeze alitengeneza fremu mpya mahususi kwa kazi hiyo, na baada yake Tom Ritchey akajenga nyingine nyingi. Shokapu za mbele zilianza kuenea karibu na 1990. Jina la Ritchey lina uzito kwetu. Alifika Rwanda mwaka 2005, akavutiwa na watu wanaobeba kahawa na viazi kwa baiskeli kwenye milima ile, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano ambamo hata baiskeli za mbao zilishindana. Juhudi hizo ndizo zilizozaa Team Rwanda, na mmoja wa wachezaji wake, Adrien Niyonshuti, alishindana katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 akashika nafasi ya 39. Miguu na mapafu vilikuwapo Musanze na Rwamagana kabla ya kifaa chochote cha kisasa kufika.

Anayepinga ataniambia niangalie mbio hizohizo za London. Jaroslav Kulhavý wa Ucheki alishinda dhahabu kwa baiskeli ya shokapu mbili, na tangu hapo mabingwa wa wanaume wa Olimpiki wamefuata njia yake: Nino Schurter mjini Rio mwaka 2016, kisha Tom Pidcock mjini Tokyo na Paris. Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu kamili. Kwanza, London yenyewe haikutoa hukumu ya wazi. Kulhavý alimshinda Schurter kwa sekunde moja tu, na siku ile Schurter alikuwa juu ya baiskeli ya shokapu ya mbele. Marco Fontana wa Italia, aliyepata shaba, alikuwa na ya aina hiyohiyo, na alimaliza bila kiti baada ya kukipoteza njiani. Pili, njia za mbio kubwa za leo zimejengwa makusudi kwa mawe makubwa na miruko, jambo lisilopatikana kwa wingi kwenye barabara zetu za changarawe na vijia vya mashambani. Tatu, baiskeli ya bingwa imetengenezwa kwa kaboni, ina mafundi wanaoisubiri, na bei yake inanunua pikipiki kadhaa mpya za bodaboda. Ile ya dukani kwetu imechukua umbo la baiskeli ya bingwa na kuacha kila kinachoifanya ifanye kazi.

Tena kuna matunzo, na hapa ndipo vijana wengi hukwama. Shokapu ya nyuma inakuja na viungo, kila kiungo na beringi zake, na shokapu nzuri ina mipira ya ndani inayohitaji kubadilishwa mara kwa mara. Vumbi jekundu la kiangazi na tope la masika havisamehi. Beringi zikilegea, fremu inayumba. Mipira ikichakaa, mafuta yanavuja, na vipuri ni vya kuagizwa. Foku ya mbele nayo inataka usafi, lakini ni kifaa kimoja, na ikifa kabisa inafungwa nyingine.

Ni kweli kwamba nyuma kukiwa kugumu mgongo unapigwa, na kwenye mpando wenye mizizi gurudumu la nyuma linaweza kuruka na kupoteza mshiko. Silipuuzi hilo. Dawa kubwa iko kwenye matairi: magurudumu ya inchi 29, tairi pana za inchi 2.25 au zaidi zisizo na tyubu, ndani zikiwekwa dawa ya maji ya kuziba pancha. Bila tyubu, mtu wa kilo 70 anaweza kupunguza upepo hadi psi 25 hivi, na tairi lenyewe likameza mshtuko mdogo na kushika udongo. Yanayobaki ni ya mwili: kusimama juu ya pedeli, kulegeza magoti na viwiko, kuchagua mstari. Kijana anayejifunza hayo mapema hayasahau hata akipewa baiskeli ya bingwa.

Wengine watasema wepesi ni anasa. Keith Bontrager, mtengenezaji wa fremu wa California, amesifika kwa kusema kwamba wepesi, uimara na bei nafuu havikai pamoja vyote vitatu. Ndiyo maana pesa zielekezwe mahali zinapolipa. Magurudumu na matairi yatangulie, kwa sababu ndiyo yanayozunguka na kuongezwa kasi kila mara. Ifuate foku ya hewa badala ya ile ya koili. Kisha sahani moja ya mnyororo mbele badala ya tatu, pamoja na kuondoa kihamisha mnyororo chake na waya wake. Hapo pekee panaweza kupungua karibu nusu kilo. Kwenye usukani, breki na pedeli nasema hapana: uzito usipunguzwe hapo, kwani vikivunjika kwenye mteremko vinavunja mtu. Fremu ya kaboni iliyotumika nayo iachwe, kwa kuwa ufa wake waweza kujificha chini ya rangi. Fremu ya aluminiamu isiyo na ufa, hata ikiwa imechubuka, inatosha.

Vilabu vya baiskeli, wazazi na wafadhili wanaowanunulia vijana vifaa, nawaomba mwende dukani na mzani wa kuning'iniza. Ipimeni baiskeli kabla ya kulipa, na ikizidi kilo 14 irudisheni mahali pake, hata kama ina shokapu mbili na rangi ya kupendeza.