Masizi Katika Injini

Zamani misafara ilitoka Bagamoyo ikapanda kwa miguu mpaka Tabora, na mpagazi aliyezidishiwa mzigo hakufika pamoja na wenzake. Leo twasafiri kwa motokaa na pikipiki, nazo zina mzigo wao usioonekana kwa nje, nao ni masizi.

Masizi hutokana na petroli isiyoungua barabara. Petroli haiungui ila kwa hewa, na Tabora iko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,200, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa yapata sehemu moja katika kumi. Basi pikipiki yenye kabureta iliyopimwa pwani, ikiletwa huku bila ya kurekebishwa, hunywa petroli kupita hewa iliyonayo. Na vumbi la kiangazi likiziba chujio la hewa, mambo huzidi: moshi mweusi hutoka, nguvu hupungua, na fedha ya matumizi ya nyumbani huishia tangini. Motokaa nyingi za siku hizi hujipimia hewa zenyewe.

Vijana wengi waonapo moshi hukimbilia kukwangua. Ngojeni kwanza. Injini ikisha kupoa, ifungueni plagi muitazame. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli imezidi: lisafisheni chujio, kisha fundi arekebishe kabureta. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, basi oili yapenya kwenye ringi zilizolika au kwenye vali, na kukwangua peke yake hakutafaa kitu. Rangi ya hudhurungi hafifu ndiyo dalili njema.

Ikilazimu kufungua kichwa cha injini, zibeni matundu kwa kitambaa ili masizi yasiingie. Yalainisheni kwa mafuta ya taa, uwanjani, mbali na jiko. Kwangueni kwa kijiti, si kwa patasi ya chuma, kwani pistoni ni ya alumini, na kila mchoro juu yake huwa makao ya masizi mapya.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Injini itoayo moshi mweusi hutoa pia hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Isiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa, wala karibu na chumba walalamo watoto. Injini iliyoharibika hutengenezwa. Roho ikisha kutoka hairudi.