Saratani ya Mapafu na Kipimo cha Miaka Mitano

Imekuwa desturi katika elimu ya tiba kupima mafanikio dhidi ya saratani kwa kuhesabu wagonjwa walio hai miaka mitano baada ya ugonjwa wao kugunduliwa. Kipimo hiki kina manufaa. Hata hivyo, kikitumiwa mahali pasipostahili chaweza kumpotosha hata msomi. Saratani ya mapafu yatupatia mfano ulio bayana, na yafaa wanafunzi wetu waufahamu.

Saratani hii ikigunduliwa ingali changa, yaani uvimbe ni mdogo na haujasambaa kwenye tezi wala viungo vingine, mpasuaji aweza kuuondoa wote. Mwaka 1933, mjini St. Louis, Marekani, Evarts Graham alimwondolea mgonjwa pafu zima la kushoto. Mgonjwa huyo aliishi karibu miaka 30 zaidi. Baadaye wapasuaji waliacha kuondoa pafu zima kila ilipowezekana, wakaondoa sehemu kuu moja tu kati ya tano zinazounda mapafu yote mawili. Mwaka 2022 wataalamu wa Japani walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Miongoni mwa waliokatwa kipande kidogo tu cha sehemu hiyo, 94 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Miongoni mwa waliokatwa sehemu kuu nzima, 91. Hapa kipimo cha miaka mitano ni halali, kwa kuwa wagonjwa waligawanywa kwa kura na hesabu ya miaka yao ilianzia mahali pamoja.

Sasa tuchukue mfano mwingine. Watu wawili wanafariki kwa saratani ya mapafu, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 66. Wa kwanza aligunduliwa akiwa na miaka 63, kikohozi kilipomzidi. Wa pili aligunduliwa akiwa na miaka 58, kwa picha iliyopigwa kabla hajaona dalili yoyote. Daftari la hospitali litaonyesha kwamba wa kwanza aliishi miaka mitatu na wa pili minane. Je, wa pili alipata faida gani? Hakuongezewa hata siku moja ya uhai. Aliongezewa miaka ya kujua kwamba ni mgonjwa.

Jambo hili si la kubuni. Kuanzia mwaka 1971, hospitali ya Mayo nchini Marekani iliwafuatilia wanaume zaidi ya 9,000 waliokuwa wavutaji wakubwa wa sigara. Kundi moja lilipigwa eksirei na kupimwa makohozi kila baada ya miezi minne. La pili lilishauriwa tu kupimwa kila mwaka. Katika kundi la kwanza saratani changa ziligunduliwa kwa wingi, na kiwango cha wagonjwa waliotimiza miaka mitano kilizidi maradufu ya kile cha kundi la pili. Lakini vifo vilipohesabiwa, kundi la kwanza halikuwa na nafuu yoyote.

Je, uchunguzi wa mapema hauna maana? La hasha. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine la Marekani, lililohusu wavutaji wa sasa na wa zamani 53,454. Waliopimwa kila mwaka, kwa miaka mitatu, kwa mashine ya CT yenye mionzi kidogo walikuwa na vifo vya saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei. Huo ndio ushahidi wa kutegemewa, maana uliohesabiwa ni uhai wa kundi zima. Hata hivyo, sehemu kubwa mno ya vivuli vilivyotiliwa shaka haikuwa saratani, na watu wengi walipata hofu bure.

Kwa hiyo twawasihi walimu wa hisabati na wa biolojia wawafundishe vijana kuuliza maswali mawili kila wanapoletewa takwimu za tiba: miaka imeanza kuhesabiwa lini, na je, vifo vimepungua? Wasisahau pia kwamba Graham, ambaye pamoja na Ernst Wynder alionyesha mwaka 1950 uhusiano wa sigara na maradhi haya, alikuwa mvutaji kwa miaka mingi. Akafariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Hakuna upasuaji uliopunguza vifo kuliko inavyoweza kufanya sigara isiyowashwa.