Nyumba Salama, Sehemu ya 4: Salfa Itoke Chumbani

Mama wa Kibiti, tuambiane ukweli. Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, mifuko ya salfa inalala wapi? Chumbani, isije ikaibiwa. Na mtoto analala humo humo! Akikohoa usiku kucha mnasema ni baridi tu. Dada mwenye pumu akilalamika harufu, mnasema anadeka. Hadeki! Lile vumbi linawasha macho na koo, na mwenye pumu anabanwa kifua kwa kiasi ambacho wewe hata hukisikii.

Jamani, korosho ndiyo hela yetu, sikatai. Lakini salfa ijengewe kibanda nje, hata cha makuti, kitiwe kufuli. Baba akitoka shambani avue nguo nje, aoge, ndipo ambebe mtoto. Nguo zile zifuliwe peke yake. Makopo ya dawa yasitiwe maji wala mafuta ya kula, hata uyasugue mara kumi.

Na mtoto akipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani, mlete hospitali usiku huo huo.

Baba akibisha, msomee hii.